Chai ya Rweya, Yenye Gesi

Kwetu ukisema unataka kuandika kuhusu chai, mtu wa kwanza kukusikia atakuuliza: kwa nini si kahawa? Swali halali kabisa. Kagera ni mkoa wa kahawa. Mgeni akifika nyumbani hupewa buni za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, kabla hata hajamaliza kueleza habari za safari. Bukoba mjini kuna Tanica, kiwanda cha kahawa ya unga, ile ya kopo la Africafe unayoikuta kila duka la nchi hii. Chama kikuu cha ushirika, KCU, kimekua juu ya mgongo wa kahawa. Watu wamesoma kwa kahawa, wameoa kwa kahawa, wamefungana kwa kahawa. Chai ipo, lakini ipo kama mtoto wa kambo. Inalimwa Bukoba Vijijini na Muleba, kiwanda kipo Maruku, na wengi wetu tunaipita barabarani bila kuigeuzia shingo.

Naandika kuhusu chai kwa sababu Mei mwaka jana niliinywa ikiwa baridi, ina iliki, karafuu na mdalasini, na ina gesi. Ndiyo, gesi, kama soda. Na pia kwa sababu kulikuwa na ekari moja na nusu ya chai iliyokuwa inangoja kujua kama tutaing'oa au la.

Nianze na ardhi, maana bila ardhi habari ya chupa haitaeleweka. Mhaya ana ardhi za aina mbili kichwani. Kuna kibanja: migomba, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, nyumba katikati, na makaburi ya wazee pembeni. Kibanja kina mbolea ya vizazi. Kisha kuna rweya, zile nyika za majani kati ya kijiji na kijiji, udongo mwembamba uliooshwa na mvua hadi ukachoka. Rweya ilikuwa ya kukatia nyasi, za kuezekea na za kutandaza migombani, na ya wanawake kulimia vijishamba vyao vya njugu mawe. Kibanja kilikuwa cha ukoo, yaani cha wanaume. Rweya ilikuwa ya mwenye jembe na mgongo.

Sasa chai ni mmea wa ajabu kidogo. Inapenda udongo wenye asidi, udongo ambao mgomba ungeukataa, mradi mvua iwepo. Mvua kwetu ipo, tunaazima hadi majirani. Ndiyo maana wakulima wadogo walipohimizwa kupanda chai, waliipanda rweya. Babu yangu alipanda yake miaka ya 70, upande wa Kamachumu wilayani Muleba, kwenye mteremko unaotazama mashariki. Asubuhi yenye mawingu machache unaiona Viktoria ng'ambo kama bati jipya.

Mwaka 1981 shangazi yangu alirudi kutoka alikoolewa, bila mtoto, na sanduku moja. Mwanamke aliyerudi hana kibanja. Kibanja kilikuwa kimekwisha kugawiwa baba yangu na baba yangu mdogo. Babu akampa chai. Alimpa kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili ambao sasa wote ni marehemu. Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyeitaka: chai ilikuwa kazi nyingi, na iko rweya.

Nawajua wasomaji wa hapa, mtauliza sheria inasemaje. Sheria iko vizuri. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya baba yake kwa wosia, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mtoto wa ndugu yake akaenda kushtaki. Ni kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Jaji alisema mila ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, nayo ikatamka kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hayo yote yameandikwa. Shangazi hana karatasi hata moja.

Kaka zangu wawili wanataka mikaratusi. Hawana roho mbaya, naomba hilo lieleweke. Hoja yao ina mantiki. Chai ikistawi inataka kuchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, siku nzima umeinama na kikapu mgongoni. Shangazi amevuka miaka sabini na magoti yamemgomea. Vijana wa kuchuma hawapo. Wako kwenye bodaboda, wako ziwani kwenye dagaa. Na chai isiyochumwa haikusubiri. Watu wengi hawajui kwamba kile kichaka cha kiunoni ni mti uliozuiwa kuwa mti. Ukiuacha miaka michache unakupita kichwa, unatoa maua meupe yenye kiini cha njano, mazuri kweli, na mashine ya kiwanda haina kazi nayo. Nusu ya shamba la shangazi ilikuwa imefika huko. Mkaratusi hauhitaji mchumaji. Unaupanda, unaupalilia mwaka wa kwanza, unasubiri nguzo.

Basi wakanituma mimi. "Wewe anakusikiliza," walisema. Na kwa kuwa nguzo zingegawanywa sehemu tatu, theluthi moja ilikuwa yangu. Nina watoto wawili shule, sikuwa na sababu ya kuidharau theluthi.

*

Aliyevuruga mpango ni mdogo wangu, binti wa baba mdogo. Alisoma sayansi ya chakula Morogoro, akarudi Bukoba na cheti, akaandika barua za kazi miaka mitatu, kisha akaacha kuandika na kuanza kuuza juisi. Anakaa Hamugembe, chumba na sebule, sebule yenyewe ni karakana: mitungi, chujio, friji ya mtumba inayonguruma kama ng'ombe mgonjwa. Aliposikia habari ya mikaratusi alinipigia simu. "Kaka, nipe wiki tatu. Usiende kwa shangazi kabla sijakupigia."

Wiki ya kwanza alipanda Kamachumu, akachuma mwenyewe kilo sita za majani kutoka ile nusu ya shamba ambayo bado ina adabu. Aliyarudisha mjini ndani ya kapu, si mfuko wa plastiki, kwa sababu jani la chai likibanwa linapata joto, linaiva vibaya, na kesho yake linanuka kama nyasi za kaburini. Aliyatandaza kwenye mkeka usiku kucha yanyauke. Asubuhi akayasokota viganjani, konzi kwa konzi, mpaka yakatoa utomvu. Akayaacha chini ya kitambaa kibichi kwa saa kama tatu.

Hapo ndipo chai inakuwa chai. Jani lililovunjika linakutana na hewa na linageuka rangi, kama parachichi lililokatwa na kuachwa mezani. Kijani kinakuwa shaba, na harufu ya majani inakuwa harufu ya matunda. Ukilipeleka motoni mapema unapata chai ya kijani. Ukilichelewesha unapata kitu cha bapa kisicho na uhai. Kiwandani kazi hiyo inafanywa na mashine zinazokata, kurarua na kukunja jani mpaka linakuwa punje ndogo nyeusi, zile tunazozijua kwenye pakiti, zinazotoa rangi haraka. Mdogo wangu alikuwa na viganja tu, hivyo majani yake yalitoka marefu, yamejisokota kama vipande vya kamba. Alimalizia kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo wa mkaa. Kutoka kilo sita akabaki na kilo moja na kidogo. Ndivyo ilivyo, hata kiwandani inachukua zaidi ya kilo nne za jani bichi kupata kilo moja ya chai.

Na wakati chai inakauka, kwenye dirisha kulikuwa na mtungi wa kioo umefunikwa kitambaa. Tangawizi iliyokunwa na maganda yake, sukari, maji. Kila siku aliulisha: kijiko cha tangawizi, kijiko cha sukari. Siku ya tano ukaanza kutoa povu wenyewe. Chachu hiyo haikununuliwa dukani, ilikuja na ganda la tangawizi.

Mengine ni rahisi kuyasimulia. Chai ililowekwa kwenye maji baridi usiku mzima pamoja na iliki iliyopondwa, karafuu chache, kijiti cha mdalasini na kipande cha vanila, maana vanila nayo sasa inalimwa kwetu. Kwa nini maji baridi? Kwa sababu chai kali iliyochemshwa ukiitia kwenye friji inapata ukungu, inaonekana kama maji ya mto Kanoni baada ya mvua. Ladha haiharibiki, lakini nani atanunua? Akachuja, akatia sukari na chachu, akafunga kwenye chupa za plastiki za soda. Kwa nini plastiki? Kwa sababu chupa ya kioo ikizidiwa inalipuka. Ya plastiki unaibonyeza kwa kidole kila asubuhi. Siku ikigoma kubonyea, iko tayari, ipeleke kwenye friji upesi.

Akatengeneza na ya aina ya pili, isiyo na chachu: chai ileile na viungo vilevile vikiwa vizito, unamimina kidogo kwenye glasi na kujazia maji ya gesi ya dukani. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Ya shangazi."

Sikuelewa wakati huo.

*

Nilionja ya chachu jioni moja Hamugembe, mvua inapiga bati. Nimeombwa mara nyingi kuandika uhakiki wa vitabu na nina maneno ya kutosha kuhusu vitabu. Kuhusu glasi ile nilikaa dakika nzima sina neno.

Kwanza inakuja gesi, na Kiswahili chetu kuhusu gesi ni kifupi: soda ina gesi au imeisha gesi. Lakini hii haikuwa gesi ya soda inayokupiga kofi na kuondoka. Ilikuwa na mapovu madogomadogo yanayotekenya ulimi. Nyuma yake ikaja karafuu, kisha iliki, kisha moto wa tangawizi kooni. Mdalasini sikuuona mpaka nilipomeza, nikaukuta umebaki juu ya midomo. Na chini ya vyote hivyo kulikuwa na chai yenyewe, na hapo ndipo nikashukuru lugha yangu, kwa sababu tuna neno ambalo wenzetu wengi wanalizunguka kwa sentensi nzima: ukakasi. Ule mkwaruzo wa ganda la ndizi mbichi, wa pera lisiloiva, ulimi unapohisi kama umevaa kitambaa. Chai ina ukakasi kwa asili yake. Tukitia maziwa tunaufunika. Tukitia sukari tunaubembeleza. Chai ya rangi hospitalini au msibani inauacha uchi. Ila ikiwa baridi na ina gesi, ukakasi unaongezeka maradufu, maana gesi yenyewe ikiyeyuka majini inakuwa asidi, nayo inakwaruza. Viwili hivyo vikikutana bila kiasi, kinywaji hakinyweki.

Chake kilinyweka. Kidogo tu kilielekea ukali, na vanila ilikuwa nyingi kupita haja, nikamwambia. Aliandika kwenye daftari: "vanila nusu".

Niliporudi nyumbani nilikumbuka habari ya Joseph Priestley, Mwingereza yule wa karne ya 18. Mwaka 1767 alikuwa anakaa Leeds jirani na kiwanda cha bia, akagundua kwamba akining'iniza bakuli la maji juu ya pipa la bia inayochachuka, maji yanapata gesi na ladha ya kuchangamka. Mwaka 1772 akachapisha namna ya kutengeneza maji hayo, na mwaka 1783 Schweppe akaanza biashara yake Geneva. Yaani soda zote tunazokunywa, pamoja na Stoney Tangawizi ninayoipenda kuliko inavyopaswa, zimetokana na mvuke wa pombe. Nilifurahi sana kulikumbuka hilo. Sikujua kwamba shangazi angelifikia bila Priestley, kwa pua tu.

*

Tulisafiri Jumamosi. Chupa sita tulizipanga kwenye ndoo yenye barafu na mfuniko, ndoo ikakaa katikati ya miguu yetu kwenye kosta ya Muleba. Njia hiyo ni nzuri lakini ina mabonde, na kosta zetu mnazijua. Tulipopita Kemondo ndoo ikaanza kutoa sauti, ssss, kama nyoka aliyeonewa. Konda akageuka.

"Dada, mmebeba nini humo, baruti?"

"Chai."

Gari zima likacheka. Mdogo wangu akafunua mfuniko, akalegeza vifuniko vya chupa kimoja kimoja, na kimoja kikamtoroka. Harufu ya iliki na karafuu ikajaa gari, ikafunika ya samaki, na hiyo si kazi ndogo kwenye kosta iliyotoka Kemondo. Mzee mmoja kiti cha nyuma akauliza kwa Kihaya kama ni rubisi. Mama mwingine akauliza bei. Mdogo wangu hakuwa na bei. Niliona imemkera kuliko ile chupa iliyomwagika.

Tulishuka Muhutwe, tukapanda bodaboda hadi kwa shangazi.

Alikuwa ameketi barazani anachambua maharage. Mdogo wangu akapiga goti, mimi nikainama, tukasalimiana ile salamu ndefu ya kwetu ambayo haimalizwi haraka hata nyumba ikiungua. Tukapewa buni za kutafuna. Ndipo shangazi akatazama ndoo.

"Hiyo ni nini, waitu?"

"Ni chai yako, shangazi," mdogo wangu akasema.

"Chai yangu inakwenda kiwandani."

"Hii haikwenda."

Ilibidi aeleze: kapu, mkeka, viganja, sufuria. Shangazi alisikiliza bila kuacha maharage. Mwishoni akaomba aone majani makavu. Mdogo wangu alikuwa nayo kwenye kikopo. Shangazi akachukua machache, akayanusa, akayarudisha, akayachukua tena. Kisha akasema jambo ambalo katika wiki tatu za mitungi na madaftari hakuna kati yetu aliyelifikiria.

"Nipikieni kwanza ya moto. Nijue."

Miaka zaidi ya arobaini amechuma chai ile. Amebeba vikapu hadi mahali pa kupimia, amesikia ikiitwa nzuri, amesikia ikiitwa mbovu, ameona lori likiondoka nayo. Kiwandani jani lake linachanganywa na la wengine mia. Chai anayokunywa anainunua dukani, kwenye pakiti, na miaka ile ya shida alikuwa anatupikia mchaichai tu tukauita chai. Jani la mteremko wake hakuwahi kulionja peke yake. Na si yeye tu. Kwetu kuna watu wamelima kahawa maisha yao yote na hawajawahi kunywa kikombe chake, wanaijua kwa kuitafuna tu.

Mdogo wangu akaenda jikoni. Akarudi na kikombe cha bati, chai ya rangi, bila kiungo, bila sukari. Shangazi alishika kwa mikono miwili. Alikunywa nusu, akanyamaza, akatazama upande wa rweya ingawa kutoka barazani rweya haionekani, migomba imeziba.

"Kumbe ni hivi," alisema.

Akamaliza kikombe. Akaomba kingine.

Baadaye ndipo tulipofika kwenye gesi. Shangazi ni mlokole, wa ule uamsho ulioingia Buhaya ukitokea Rwanda, na tangu aokoke hajagusa kileo. Mdogo wangu alilijua hilo vizuri kuliko mimi, ndiyo maana ya ile aina ya pili. Akamtengenezea glasi na maji ya gesi. Shangazi akanywa, akafunga macho, akapiga chafya. "Inanipanda puani!" Akacheka kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Kisha akanywa tena na kutoa hukumu: viungo vizuri, iliki nzuri, lakini maji haya yamekuja kama wageni, hayajafahamiana na chai.

Kusema kweli ni uhakiki bora kuliko wangu.

Halafu akanyoosha kidole kwenye chupa zilizobaki. "Na hizo?"

"Hizo zina chachu, shangazi."

"Zina kileo?"

Nilimtazama mdogo wangu. Angeweza kusema hapana, na kwa mteja pengine angepata kishawishi. "Kipo kidogo," alisema. "Kidogo, kama juisi ya ndizi iliyolala."

Shangazi akaomba afunguliwe anuse tu. Chupa ikapumua. Akaisogeza puani, akakaa nayo. Akaanza kusimulia utoto wake: mtumbwi wa mti uliochongwa, ndizi mbivu zimemwagwa ndani, wanaume wanazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi mpaka juisi inatoka, mtama uliokaangwa na kusagwa unatiwa, mtumbwi unafunikwa majani ya mgomba, na kesho yake ukitega sikio unasikia rubisi inaongea. Nyasi zile zilikatwa rweya, na wakataji walikuwa wasichana. "Nilikata mimi," alisema, "kwenye mteremko huohuo, kabla baba hajaweka chai." Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, alimaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mle Myombekere anadaiwa pombe ya ndizi na wakwe kabla ya kurudishiwa mke wake Bugonoka, na mwandishi hakuona aibu kutumia kurasa kueleza namna ya kuitengeneza. Nilipokisoma kijana nilizirukaruka kurasa hizo. Baada ya kumsikia shangazi nilirudi nikazisoma.

Hakunywa. Alifunga kifuniko mwenyewe, akaturudishia chupa. "Hii iko hai," alisema. "Mpeni mtu anayeruhusiwa."

*

Nilikuwa nimetumwa, kwa hiyo nilisema nilichotumwa. Nikamweleza habari ya mikaratusi, miaka ya kusubiri, nguzo, mgawanyo. Sikumficha theluthi yangu. Naye akauliza kama ile chai ya gesi inaweza kulisha shamba.

Hapa hesabu inauma na sikutaka kuipamba. Lita moja ya kinywaji kile inatumia gramu nane hivi za chai kavu. Kilo moja inatoa zaidi ya lita mia. Mdogo wangu hata akiuza kila kitu anachoweza kubeba, hatahitaji ekari moja na nusu. Atahitaji mistari michache, mingine yote ibaki inamwangalia. Kinywaji hakiokoi shamba. Na hakijaanza hata kuuzwa; mpaka TBS waweke nembo yao, tunakinywa ndugu na majirani tu.

Mdogo wangu alisikiliza hesabu yangu, hakuipinga. Akasema tu kwamba majani marefu yale, ya kusokota kwa mkono, yana bei nyingine kwa watu wengine, na kwamba angependa kujaribu kupogoa ile nusu iliyokuwa miti. Mti wa chai ukikatwa usawa wa goti unachipua upya. Inachukua muda, lakini unachipua.

"Utachuma wewe?" shangazi akauliza.

"Nitachuma."

"Kila wiki, kutoka Bukoba?"

"Nitahamia huku."

Shangazi akanigeukia. "Wewe si ndiye mwandishi? Andika."

Nilikuwa na daftari la mdogo wangu, lile la vanila nusu. Nikang'oa karatasi katikati. Alitamka kwa Kihaya, nikaandika kwa Kiswahili: kwamba yeye, kwa akili timamu, anampa binti wa kaka yake shamba la chai alilopewa na baba yake mwaka 1981, mpaka hapa na mpaka pale, ule mwembe, lile jiwe, na kwamba barua hii ipelekwe serikali ya kijiji Jumatatu. Akataka niisome kwa sauti. Nilipofika kwenye maneno "shamba la chai lililotelekezwa" akanisimamisha.

"Neno hilo mimi sijasema."

Sikulifuta, karatasi ingechafuka. Niling'oa nyingine nikaanza upya. Aliweka dole gumba, mdogo wangu akaweka sahihi, na shahidi wa kwanza ni mimi. Wa pili alikuwa jirani aliyekuja kuulizia harufu ya iliki, akapewa glasi ya ile yenye chachu, akasema kinafaa kwa harusi.

Kaka zangu walituma ujumbe mmoja mwezi Juni. Miche mia mbili ya mikaratusi waliyokwisha kuilipia bado imepangwa nyuma ya nyumba ya kaka mkubwa, ndani ya viriba vyake vyeusi, na shangazi amenipigia kuuliza kama anaweza kupewa thelathini, za kuni, apande kule chini karibu na chemchemi. Nimemwambia karibu na chemchemi hapana, mikaratusi inakunywa maji mengi. Anasema basi juu, kwenye mpaka.